Mshipa ulizibuliwa, lakini masaa yalikuwa yameshakula moyo: kisa cha dereva wa trela kutoka Naluwerere

Watu wengi wakisikia fulani kawekewa stenti, kile kibomba cha waya kinachoshikilia mshipa wa moyo uwe wazi, wanashusha pumzi, wanaona kazi imeisha, mshipa si umeshazibuliwa? Mimi ni daktari upande wa emergency hapa Jinja, Uganda, na ninachotaka kukionyesha kwa kisa hiki kimoja ni kwamba kupona au kutopona baada ya kuzibuliwa mshipa wa moyo kunaamuliwa kwa sehemu kubwa kabla mgonjwa hajalazwa kwenye meza ya kathilabu (chumba cha kuzibulia mishipa ya moyo), alafu kipande kingine kinaamuliwa akisharudi nyumbani. Zile dakika za puto (linalopenyezwa ndani ya mshipa na kujazwa ili uachie) na stenti ni za maana sana, ila zinakuta mengi yameshapita. Mgonjwa mwenyewe amekubali nikiandike, jina na vitu vya kumtambulisha nimetoa, na vituo vilivyomhudumia sivitaji.

Ni dereva wa trela, miaka 57, mtu wa pwani ya Kenya, anakula barabara ya Mombasa–Kampala tangu kijana. Sigara anavuta. Presha alishaambiwa anayo, akapewa vidonge, vilipoisha hakununua vingine maana alikuwa hajisikii vibaya. Sukari hajawahi kupima hata siku moja. Ukimuuliza ugonjwa wake anakwambia yeye ni mzima, na kwa jicho kweli ungesema mzima, mtu wa miraba minne, anapanda na kushuka kwenye kichwa cha trela kama kawaida.

Saa mbili usiku walikuwa wamepaki Naluwerere, pale Bugiri ambapo malori mengi yanalala, kamaliza kula. Kifua kikaanza kubana katikati, uzito mkubwa unaopanda kwenye taya na bega la kushoto, jasho la baridi mpaka fulana ikalowa. Yeye akasema gesi. Akatafuna magnisia, akanywa soda akingoja acheue. Tanboi wake, kijana wa miaka ishirini na kitu, akamwambia mzee twende hospitali, mzee akamjibu wewe lala, alfajiri tunaondoka.

Saa tatu na nusu kijana akashinda yale mabishano, wakapanda boda hadi kliniki moja ya kando ya barabara. Pale wakasikia "maumivu ya juu ya tumbo baada ya kula" wakaandika vidonda vya tumbo. Wakamtundikia dripu, wakampa omeprazoli na sindano ya diklofenaki, dawa ya maumivu, kwenye kalio. Presha walipima, 165/100. Mashine ya ECG, ile inayochora umeme wa moyo, hawana. Akalazwa pale kwenye kitanda cha mapumziko mpaka karibu saa sita usiku, maumivu hayapungui, akatapika mara mbili.

Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu ndo sehemu inayoniuma zaidi kwenye kisa chote. Huku kwetu kila kinachouma kati ya kitovu na shingo kinaitwa vidonda, mgonjwa anakuja ameshajiandikia mwenyewe na muuguzi anakubaliana naye. Lakini mwanaume wa miaka 57, mvutaji, mwenye presha, anatoka jasho la baridi na maumivu yamefika kwenye taya, huyo ni moyo mpaka ECG ikatae. Kama ECG haipo basi huyo si wa kulaza pale, ni wa kusafirisha usiku huohuo. Na ile diklofenaki ni tatizo juu ya tatizo, maana dawa za familia hiyo zinaepukwa kabisa kwa mtu mwenye mshtuko wa moyo, zinaongeza hatari na zinabana figo. Ile sindano ya kalio nayo ikumbuke, inarudi huko mbele.

Aspirini hakuna aliyempa. Vidonge vidogo vya miligramu 75 vipo kwenye maduka ya dawa kila mji wa barabara hii, vinne vya kutafuna vinakupa 300, na kwenye utafiti wa ISIS-2 wa mwaka 1988, uliochukua wagonjwa 17,187, aspirini peke yake ilipunguza vifo vya wiki tano za mwanzo kwa asilimia 23. Peke yake, bila kathilabu, bila mashine yoyote. Wale waliopata aspirini pamoja na streptokinasi, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, vifo vilikuwa asilimia 8, waliokosa zote mbili asilimia 13.2. Mimi nikiangalia namba hizo alafu nafikiria masaa yale mawili na nusu pale kliniki nashindwa kutulia.

Saa sita tanboi akampigia tajiri wao Mombasa kumwambia gari halitaondoka alfajiri, mzee anaumwa. Mke wa tajiri ni nesi, akachukua simu akauliza maswali mawili tu, jasho linamtoka? maumivu yamefika mkononi au kwenye taya? Akasema huyo ni moyo, kodisheni spesho sasa hivi mwende Jinja, msingoje kukuche. Ile simu ndo ya kwanza kwenye mlolongo wote iliyomsogeza karibu na uhai.

Walifika kwetu saa saba na nusu. Nilimpokea mimi. Alikuwa amekaa ameinama mbele, akilazwa chali anahisi kuzama, mapigo 112, presha 150/95, oksijeni asilimia 89. Nikasikiliza mgongoni, chini ya mapafu pande zote mbili kuna ile milio midogo ya maji, haijapanda juu. ECG ikatoka ndani ya dakika kumi, saa saba na dakika 40, na haikuhitaji mjuzi: kile kipande cha mchoro kinachoitwa ST kimeinuka kuanzia V1 mpaka V5 (michoro inayotazama mbele ya moyo), na V2 na V3 zimeshaanza kuchimba Q, shimo linaloashiria nyama inayokufa. Maana yake ukuta wa mbele wa moyo, ule mshipa mkubwa wa kushoto unaoshuka mbele umeziba, na kipande cha nyama kimeshaanza kufa.

Sasa ile milio ya maji mapafuni ni habari kubwa kuliko inavyoonekana. Mwaka 1967 Killip na Kimball waliwaangalia wagonjwa 250 kwenye wodi ya moyo kule New York wakawapanga kwa madaraja manne kwa kutumia mikono, macho na masikio tu. Daraja la kwanza mapafu safi, walikufa asilimia 6. La pili maji kidogo chini ya mapafu, 17. La tatu mapafu yamejaa, 38. La nne mtu yuko kwenye shoku, presha imeanguka na mikono baridi, 81. Siku hizi kwa sababu ya kuzibua mishipa namba zote zimeshuka, ila ule mpangilio haujavunjika hata kidogo, anayefika kathilabu akiwa daraja la nne bado ni mtu wa kufa na kupona. Kwenye utafiti wa SHOCK wa 1999, hata wale waliozibuliwa au kufanyiwa upasuaji mapema karibu nusu walikufa ndani ya siku 30. Mzee wetu alikuwa la pili. Yaani moyo umeshaanza kushindwa kusukuma lakini bado unajimudu, na kazi yetu ilikuwa asidondoke la tatu akiwa mikononi mwetu.

Tukampa vidonge vinne vya aspirini atafune, klopidogreli 300 (nayo ni ya kuzuia damu isigande), oksijeni kwa sababu iko chini ya 90 (ikiwa juu ya hapo haimsaidii kitu), lasiksi kidogo ya kutoa maji. Sukari ilikuwa 15, imepanda sana. Nikapiga picha karatasi ya ECG nikaituma WhatsApp kwa daktari wa moyo aliye zamu Kampala, akajibu kabla sijamaliza kuandika faili.

Swali lililokuwepo mezani ni hili, tumkimbize moja kwa moja azibuliwe kwa puto, au tumpe kwanza dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda? Kwa kawaida puto ni bora, majaribio 23 yaliyojumlishwa pamoja mwaka 2003 yalionyesha vifo vya muda mfupi asilimia 7 kwa puto dhidi ya 9 kwa dawa. Lakini ubora huo una masharti ya saa. Kanuni inayofuatwa ni kwamba ukishaona ECG, kama puto haliwezi kufika ndani ya dakika 120 basi mpe dawa, usikae. Kutoka Jinja ni kilomita kama 80, huduma za kathilabu zimekusanyika Kampala, usiku timu inaitwa kutoka majumbani, gari liandaliwe, hesabu ilikataa hata ukiivuta vipi. Tukakubaliana dawa, na iliyokuwepo ni streptokinasi. Tenekteplasi ingekuwa nzuri zaidi, ni sindano moja tu ya mshipa kulingana na uzito na inailenga zaidi ile damu iliyoganda, ila unatibu kwa kile kilicho kabatini.

Kabla ya dawa hiyo kuna maswali lazima uulize, kiharusi, jeraha la kichwa, upasuaji wa karibuni, kutokwa damu. Nikiwa nayauliza tanboi akasema, "Daktari, ana vidonda vya tumbo, wamesema kule kliniki." Nesi wangu akasimama na chupa mkononi. Kama ana kidonda kinachovuja damu dawa hii inaweza kumuua. Nikamuuliza mzee mwenyewe, umewahi kutapika damu? hapana. Choo cheusi kama lami? hapana. Umewahi kupimwa kwa ile kamera ya tumbo? hapana, hivyo vidonda ameambiwa leo. Basi tukaendelea. Lakini ona jinsi lile neno moja la kubahatisha pale Bugiri lilivyotaka kumnyima dawa kule Jinja. Kama ningekuwa mtu wa woga au nimechoka zaidi usiku ule, angekosa.

Dripu ilianza saa nane na robo. Uniti milioni 1.5, kawaida dakika 30 hadi 60. Baada ya kama dakika ishirini presha ikaporomoka hadi 82/50, hiyo streptokinasi inajulikana nayo, tukaisimamisha, tukainua miguu, maji tukaogopa kumwaga kwa sababu ya mapafu, ikapanda yenyewe hadi 108 tukaendelea taratibu. Ikaisha saa tisa na nusu. ECG ya saa kumi ikaonyesha ST imeshuka ila haijafika hata nusu, na mzee anasema uzito bado upo. Dawa imeshindwa kufungua.

Hii inatokea mara nyingi kuliko watu wanavyofikiri. Kwenye utafiti wa STREAM wa 2013, ambao walitumia ile tenekteplasi nzuri na waliwapata wagonjwa mapema ndani ya masaa matatu, zaidi ya theluthi walihitaji kukimbizwa kathilabu kwa dharura. Na utafiti wa REACT wa 2005 ulishajibu nini cha kufanya dawa ikishindwa: usirudie dawa, usingoje, peleka azibuliwe kwa puto. Waliofanyiwa hivo asilimia 84.6 walifika miezi sita bila kifo, mshtuko mwingine, kiharusi au moyo kushindwa vibaya, wale wengine walikuwa karibu na 70. Kwa hiyo mtu akishaanza dripu ya streptokinasi, gari linatakiwa liwe limeshawashwa.

Letu halikuwa limewashwa, na hapa kuna mjadala ambao tumeurudia na wenzangu. Ambulansi yenye mashine ya kustua moyo ilikuwa imepeleka mama mjamzito Kampala, ikarudi karibu saa kumi. Ilikuwepo nyingine ya kitanda na oksijeni basi. Tanboi alikuwa anaiona pale nje, akaniuliza, "Daktari, si gari hilo hapo?" Nikamwambia kijana, mzee wako moyo unaweza kusimama njiani, lile gari halina cha kuuamsha. Kuna daktari mwenzangu anaona tungeondoka nayo hiyohiyo saa nane na robo dripu ikiwa inaendelea, tungeokoa masaa mawili. Hoja yake ina nguvu, miongozo inasema hivyo, usimsubirishe mgonjwa kwenye kituo kisicho na kathilabu uone kama dawa imefanya kazi. Ila miongozo hiyohiyo inachukulia kwamba ndani ya ambulansi kuna monita na mashine ya kustua. Mimi msimamo wangu ni uleule, na kilichotokea msitu wa Mabira kiliuunga mkono.

Tuliondoka saa kumi na dakika ishirini. Tumepita daraja la Nile, tumeingia Mabira, bado hatujafika Lugazi, mzee alikuwa ananielezea habari za mizani, akakata neno katikati, macho yakageuka, monita ikaandika yale mawimbi ya fujo ambayo hayana mpangilio wowote. Dereva nikampigia kelele asimame. Nesi akaanza kukandamiza kifua, mimi nikachaji, nikastua mara moja, sekunde chache kimya, alafu mapigo yakarudi, mzee akakohoa akauliza tumefika wapi. Tangu aanguke hadi arudi haikufika dakika moja na nusu. Kwenye ile gari nyingine tungeendelea kukandamiza kifua mpaka Lugazi na sidhani tungefika na mtu hai.

Moyo kusimama ni moja ya vitu vinane vinavyohesabiwa kwenye alama za GRACE, ambazo madaktari wanatumia kukadiria nani yuko kwenye hatari ya kufa: umri, mapigo, ile namba ya juu ya presha, kreatinini (kipimo cha figo), daraja la Killip, moyo kusimama wakati wa kupokelewa, mabadiliko ya ST, na vimeng'enya vya moyo kupanda. Angalia ile orodha vizuri. Hakuna stenti humo, hakuna fundi, vyote ni vitu mgonjwa anakuja navyo mlangoni. Kingine cha kujua, moyo ukisimama masaa ya mwanzo kwa fujo ya umeme na ukastuliwa papo hapo, huyo ana nafasi nzuri kuliko anayesimama baadaye kwa sababu misuli imechoka.

Kampala tuliingia saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Jamu ya Mukono na Kireka ilikuwa ndo inaanza kujikusanya, ungekuwa mchana ungeongeza saa nzima au zaidi. Hela haikumsimamisha mlangoni kwa sababu tajiri alishaongea nao tukiwa njiani akatuma kianzio kwa simu, na hilo nalitaja kwa uzito uleule ninaoutaja Killip, maana nimeona watu wenye ECG kama hii wakikaa wakisubiri ndugu wachangishane kwenye grupu la WhatsApp huku nyama ya moyo inakufa.

Waliingilia kwenye kifundo cha mkono, hawakupita pajani. Mtu ambaye bado ana streptokinasi mwilini ukimtoboa mshipa wa pajani anaweza kuvuja damu ndani usione, na hata kwa wasiopewa dawa hiyo, majaribio makubwa kama RIVAL wa 2011 yalionyesha njia ya mkono inapunguza matatizo ya mshipa uliotobolewa, na kwa wenye mshtuko wa aina hii ilienda na vifo vichache. Wakakuta ule mshipa wa mbele umeziba kabisa karibu na mwanzo wake, hakuna kinachopita, TIMI 0 (kipimo cha mtiririko wa damu kwenye mshipa, kuanzia 0 mpaka 3). Puto likapanda saa moja na dakika ishirini asubuhi. Baada ya puto damu ikawa inatiririka kwa kuchechemea, TIMI 2: mshipa mkubwa umefunguka ila vimishipa vidogo vya mbele yake vimevimba na kuziba na vipande. Wakamwagia dawa za kuvitanua humohumo ndani, wakaweka stenti yenye dawa, mwisho ikafika TIMI 3, mtiririko wa kawaida. Hiyo hatua watu wasiichukulie poa, anayetoka mezani na TIMI 3 na anayetoka na 2 au chini yake maisha yao mbele hayafanani, na kadri mshipa unavyokaa umeziba ndivyo hivi vimishipa vinavyogoma zaidi. Waliona pia mshipa wa kulia umebanwa asilimia kama 70, wakauacha kwa siku nyingine, usiku wa dharura unashughulika na mshipa mkosaji, ule ulioleta mshtuko.

Sasa tuyapige hesabu yale masaa. Tangu maumivu mpaka puto ni masaa 11 na dakika 20. Kabla ya ECG ya kwanza masaa 5 na dakika 40. Kwetu Jinja masaa 2 na dakika 40. Barabarani saa 1 na nusu. Ndani ya hospitali ya Kampala mpaka puto saa 1 na nusu. Yaani nusu nzima ya muda iliishia kati ya Naluwerere na karatasi ya kwanza ya ECG, na kwa sehemu kubwa yake hakuna mtu aliyekuwa amesema neno moyo. Nyama ya moyo ikikosa damu inaanza kufa baada ya kama nusu saa, inakufa kutoka ndani kwenda nje, na ikifika masaa sita sehemu kubwa imeshaenda isipokuwa kama kuna vijia vya pembeni vinavyoiletea damu kidogo. Watafiti wa Uholanzi mwaka 2004 walikadiria kwamba kila nusu saa ya kuchelewa iliongeza hatari ya kufa ndani ya mwaka kwa asilimia 7.5 ukilinganisha na aliyewahi zaidi. Mshipa ukizibuliwa umechelewa ni kama kurudisha maji kwenye mfereji wa shamba, yale mahindi yaliyokwishakauka hayarudi kijani.

Na ndivyo ilivyokuwa. Siku ya pili eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ilionyesha nguvu ya kusukuma asilimia 35, ukuta wa mbele hautikisiki. Mtu mzima kawaida ni 55 na kuendelea.

Alafu ikarudi ile sindano. Siku hiyohiyo mzee akalalamika kalio linauma, wakaangalia, limevimba limekuwa jeusi, damu imejikusanya ndani ya msuli palepale alipochomwa diklofenaki. Hemoglobini, kipimo cha wingi wa damu, ilishuka kutoka 14 mpaka 10 na kitu. Haikumuua, lakini kutokwa damu kwa wingi baada ya kuzibuliwa mshipa ni moja ya vitu vinavyopunguza uhai kwa nguvu, kwa sababu damu inapungua wakati moyo unaihitaji na pia watu wanalazimika kusimamisha dawa zinazolinda stenti. Kreatinini nayo ikapanda siku ya tatu, ukijumlisha diklofenaki, presha iliyoporomoka na ile rangi ya picha ya mishipa, figo zililemewa, zikaanza kurudi baada ya wiki. Sukari ikathibitika ni kisukari cha siku nyingi. Mtu mwenye sukari iliyopanda wakati wa mshtuko ana hali mbaya zaidi hata kama hakuwahi kuambiwa ana kisukari, na wenye kisukari pamoja na akina mama na wazee mara nyingi hawapati yale maumivu ya wazi, wanapata kichefuchefu, kukosa pumzi, uchovu wa ghafla, hao wanachelewa kuliko hata huyu.

Kilichokuwa upande wake? Umri kwanza, 57. Ungembadilisha awe 77 ukaacha kila kitu kingine vilevile, mimi naamini mwisho wa kisa ungekuwa mwingine, umri ni kati ya mizigo mizito zaidi kwenye hesabu za vifo vya ugonjwa huu. Hakufika kwenye shoku. Moyo uliposimama mashine ilikuwa pembeni. Mshipa ulitoka TIMI 3. Na alikuwa na tanboi asiyekubali kulala.

Baada ya kuruhusiwa ndo kazi nyingine ikaanza. Ndugu waliokuja kumchukua walikuwa na furaha, mjomba wake mmoja akaniambia, "Daktari, si ameshazibuliwa, hizi dawa zote za nini tena?" Nikamweleza mjomba kwamba stenti ni chuma kigeni ndani ya damu, mpaka kifunikwe na ngozi ya ndani ya mshipa damu inataka kuganda juu yake, ndo maana aspirini na klopidogreli zinaenda pamoja mwaka mzima, na akizikata wiki ya tatu kwa sababu hela imeisha au kuna mtu kampa mizizi, stenti inaweza kuziba ghafla, na huo mshtuko wa pili kwenye moyo wa asilimia 35 wachache wanaupita. Pale palihitaji hesabu ya pesa zaidi ya mawaidha. Tukakaa na mke wake kwenye simu tukapanga vidonge gani visikosekane hata kama vingine vitachelewa, hivyo viwili vya damu mwanzo, alafu statini ya kushusha mafuta kwenye damu, alafu za kulinda moyo na presha, akaambiwa anunue za miezi miwili kila akipata, asinunue kwa wiki.

Sigara aliacha pale wodini. Wiki ya sita akarudi ule mshipa wa kulia ukawekewa stenti kwa utulivu, utafiti wa COMPLETE wa 2019 ulionyesha kumalizia mishipa mingine ndani ya siku 45 kunapunguza vifo vya moyo na mishtuko mipya vikihesabiwa pamoja. Mwezi wa tatu eko ikasoma 43. Ile 35 ya mwanzo haikuwa kifo kitupu, kuna nyama ilikuwa imezimia, imeamka polepole baada ya damu kurudi, ndo maana uamuzi wa kuweka kile kifaa cha kustua moyo chini ya ngozi haufanywi wiki ya kwanza, unasubiriwa, na ukivuka 35 kama alivyovuka hukihitaji.

Trela hajaruhusiwa kuendesha, tajiri amempa kazi ya kusimamia yadi. Kwenye kadi yake ya kliniki tumeandika wazi kwamba streptokinasi alishapewa na tarehe yake, asirudiwe tena, kwa sababu mwili umeshatengeneza kinga dhidi yake, dawa inaweza isifanye kazi au ikamletea aleji kali. Ikitokea tena apewe tenekteplasi au aende moja kwa moja kathilabu, na nakala ya kadi hiyo anayo mke wake na nyingine anayo tanboi.